Maziwa ya Wapiga Dawa

Cherono wangu,

Salamu sikupi, kwa sababu uko hapo nje nakuona. Unaanika soksi ambazo hazitakauka hadi kesho, Kogo anakuambia hivyo, na wewe unajifanya humsikii. Mimi niko jikoni kwangu, nimevuta kiti mpaka mlangoni ili nipate mwanga. Mama wengine huandika barua kama hii usiku, mtoto akishalala. Mimi nimelazimika kuiandika mchana wakati bado unatembea mbele ya macho yangu, kwa sababu jioni sitaweza. Taa ya stima unajua inanifanya nini. Na koroboi, ule moshi wa mafuta ya taa unanimaliza hata kuliko stima. Hata kuandika barua siwezi kama watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu tukiongea tunagombana. Na ukishaenda kesho tutaongea vipi? Kogo atasimama na simu kando ya zizi, mimi nisimame kule kwenye mparachichi, mbali na hiyo simu, halafu anipazie sauti yale umesema. Unajua vile huyo nyanya yako hupunguza maneno. Juzi mjomba wako alipiga, wakaongea mpaka ng'ombe akachoka kusimama, na mimi nikaambiwa tu, "Anasema ako sawa." Mambo niliyo nayo siwezi kuyapitisha kwa mdomo wa Kogo. Na nimeandika Kiswahili kwa sababu ndicho shule ilinifundisha kuandika. Kipsigis yangu ni ya kuongea, na kuongea kumetushinda.

Ya blanketi, sabuni na wanaume wa kambini, Kogo ameshakuambia mpaka hata mimi nimeyashika kichwani. Siyarudii. Mimi nina jambo moja, na ni la maziwa.

"Wanatoa na maziwa, Mama." Hivyo ndivyo ulivyoniambia Jumapili ukitoka kanisani, baada ya Akinyi, rafiki yangu wa zamani, kutuma ujumbe kwamba kule Kericho, kwa shamba lao la chai, wanatafuta watu wa kupiga dawa ya magugu na wadudu. Ulikuwa umefurahi mpaka ukasahau kuacha simu nje ya mlango. Nikasema hapana. Ukasema mashine zimechukua kazi ya kuchuna majani, kazi iliyobaki ni ya kubeba pampu ya dawa mgongoni, na wewe huwezi kukaa hapa ukihesabu kuku. Nikasema hapana mara ya pili, kwa sauti. Ndipo ukasema, "Mimi si kama wewe, Mama. Mimi nitakunywa maziwa yangu." Halafu ukaangalia chini, ukaongeza polepole, "Yako si nilikunywa mimi."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya mboga. Niliiweka chini nikatoka nje, na ulifikiri nimekukasirikia. Nilikuwa na hasira kweli, Cherono. Lakini haikuwa juu yako.

Sasa sikiliza vile ilikuwa, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo, na yale unayajua uliyapata vipande vipande kutoka kwa watu.

Nilienda kambi ya shamba la chai nikiwa msichana, mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, na wewe ukiwa mgongoni. Baba yako alikuwa ameshaenda zake, na huyo hatuna haja naye kwa barua hii. Nilianza kwa kuchuna majani. Baadaye nyapara akaniuliza kama ninaweza pampu, na nikakubali haraka, kwa sababu wapiga dawa walimaliza kazi mapema na mimi nilikuwa na mtoto wa kuchukua kwa jirani mmoja mzee aliyenilindia. Akinyi alikuwa jirani yangu wa upande wa pili kambini na mwenzangu wa pampu. Alikuwa ametoka kwao upande wa ziwa, mdomo wake haukuwa na breki, na ndiye alinifundisha kufunga mikanda ya pampu isinikate mabega.

Kila siku ya kupiga dawa, tukimaliza, tulipanga laini mbele ya stoo na nyapara akampa kila mtu pakiti moja ya maziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu. Kila mtu alijua kwamba maziwa inaosha sumu tumboni. Nani alisema? Hakuna aliyewahi kuuliza. Wazee wa pampu waliambiwa na wazee wa kabla yao. Na sisi Wakipsigis, mtu akituambia maziwa inatibu, tutabisha na nani?

"Kunywa hapa hapa nikikuona," nyapara alikuwa akisema mwanzoni. Baadaye alichoka kutuangalia. Akinyi alikuwa anararua pakiti yake na meno, mikono bado ina dawa, anakunywa yote akiwa amesimama. Mimi yangu niliingiza ndani ya ovaroli. Nilikuwa naileta kwako.

Ulikuwa unaningoja mlangoni kwa jirani. Hukuniita Mama, uliita "Maziwa!" na watu wote wa ile laini ya nyumba wakacheka. Akinyi akaniambia siku moja, "Wewe huyu mtoto anakunywa maisha yako. Utakufa utuachie yeye, na vile ako mnene hatutaweza kumbeba!" Nikamwambia, "Afadhali mimi nife na maziwa, wewe utakufa ukililia samaki." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hivyo ndivyo tulikuwa. Usidhani tulikuwa watu wa huzuni.

Nikikumbuka kile nilichokuwa naogopa wakati huo, nataka kujipiga kofi. Nilikuwa naogopa maziwa tu. Nilijiambia, leo sijakunywa, kesho nitakunywa. Lakini nozo ya pampu, ile ncha inayotoa dawa, ikiziba, niliitoa nikaipuliza kwa mdomo, kama vile mtu anapuliza filimbi. Sote tulifanya hivyo. Maski tulipewa, tukaishusha shingoni kwa sababu ya joto, na aliyeiacha usoni aliitwa daktari. Upepo ukigeuka tulifumba macho tukaendelea. Ovaroli niliyovaa kazini ndiyo niliyovaa nikikubeba, na nililala nayo karibu na kichwa chako isiibiwe. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyetuambia kitu kuhusu hayo. Maziwa ilikuwa imemaliza maneno yote. Nimefikiria sana, na sasa naona kumpa mtu pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko kumpa glavu na kumwambia pampu yako inavuja, usifanye kazi leo.

Kwa sababu pampu yangu ilivuja. Ile raba ya mfuniko ilikuwa imeisha, na dawa ikashuka mgongoni mpaka ndani ya gambuti. Nikaita nyapara.

"Bosi, hii pampu imenilowesha yote."

"Imebaki laini ngapi za chai?"

"Hizi mbili."

"Si umalize tu hizo mbili, halafu uende ukaoge."

Nikamaliza. Hilo ndilo sijawahi kujisamehe. Sikulazimishwa na mtu ameshika fimbo, nilikuwa na miguu, ningeweza kuweka pampu chini. Lakini nilimaliza, kwa sababu nilitaka asinione mvivu.

Usiku nilitapika mpaka nikatapika maji matupu. Asubuhi Akinyi alinipeleka dispensari ya shamba. Yule mama wa pale, swali la kwanza, "Ulikunywa maziwa yako?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mwalimu, akanipa panadol. Kutoka hapo, kosa likawa langu. Pampu ikasahaulika, zile laini mbili zikasahaulika. Mimi ndiye mwanamke aliyekataa kunywa maziwa.

Yaliyofuata uliyaona. Kwanza ilikuwa harufu. Sabuni, rangi, mafuta ya taa, hata manukato ya akina mama kanisani, yote yalinipasua kichwa. Kazi ikanishinda, tukarudi hapa kwa Kogo. Halafu siku moja nikaweka simu sikioni, nikahisi shavu linawaka na meno yanauma kama nimeuma waya. Nikafikiri ni hiyo simu, nikaazima nyingine. Ikawa vile vile. Halafu wakatuletea stima. Kogo alipika chapati siku hiyo, unakumbuka? Watu wote walikaa chini ya ile taa wakiangaliana kama wageni, na mimi nikawa nje gizani nimeshika kichwa. Tangu siku hiyo nalala jikoni, kwa sababu huku hakuna waya. Watoto wa sokoni Kapkatet wakaniita Mama Stima. Ulipigana shuleni kwa ajili ya hilo jina, ukarudi na kola imeraruka, na mimi nikakuchapa kwa sababu ya kola.

Pasta aliniombea, halafu akaniweka nje ya dirisha mbali na spika, na nashukuru, angalau hapo nasikia neno. Hospitalini walinipima damu, wakapima mkojo, wakaniambia kila kitu kiko sawa. Daktari mmoja kijana alikuwa na simu mbili mezani. Nikamwomba azisogeze. Akatabasamu, akaniuliza kama nina mawazo mengi nyumbani. Nikamwambia, ndiyo, nina mawazo mengi, naumwa na hamnitibu. Nilirudi na dawa za usingizi.

Na wewe pia ulinipima.

Najua hupendi nikumbushe, lakini ni lazima. Uliweka ile simu yako ya kabambe chini ya mto wangu ikiwa imewashwa, usiku mzima, bila mimi kujua, na nikalala kama mtoto mchanga. Siku iliyofuata ukaiacha mezani karibu yangu. Nikaiona, kichwa kikaanza, nikatoka mbio nikatapika pale kwenye mgomba. Ukanifuata ukafungua kiganja. Betri ilikuwa mkononi mwako.

"Mama, unaona? Simu haina hata betri."

Nilikurushia mwiko. Ulikupiga bega, na ukafagia matapishi yangu.

Cherono, sikukurushia mwiko kwa sababu ulikuwa umekosea. Ulikuwa umeniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa. Nimelikalia miaka hii yote. Labda ni woga sasa unaonitapisha, labda simu haina makosa. Labda mwili uliochomwa mara moja unalia kabla haujaguswa. Labda dawa iliharibu kitu ndani na kikibonyezwa na kitu chochote kinaamka. Sijui. Akinyi alipuliza nozo hizo hizo, miaka mingi kunishinda, na leo simu haitoki sikioni kwake, anakula, anacheka, amenenepa. Hiyo ndiyo inaniudhi kuliko yote. Ningekuwa na mtu mmoja wa kuniambia ni hii au si hii, ningelala. Nimechoka kuwa mgonjwa wa ugonjwa ambao lazima niutetee kama kesi. Lakini yale matapishi yalikuwa ya kweli, wewe ndiye uliyafagia. Na pampu ndiyo ilikuja kwanza. Kabla ya pampu nilikuwa nacheza na redio ya mjomba wako kutwa nzima.

Mwaka jana nilipompeleka Kogo kliniki ya macho, kulikuwa na mama mmoja mhudumu, mtu mzima, aliniona nimesimama nje juani akauliza kwa nini siingii. Nikamwambia, nikingoja acheke. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulikuwa unafanya kazi gani, mama?" Miaka hiyo yote, na ndiye wa kwanza kuuliza kazi. Nikamweleza pampu, na vile ilivuja. Akasema, "Sitakudanganya. Si wewe peke yako. Kuna watu hata nchi za mbali wanasema walianza na kemikali kazini, wakaishia hawawezi kukaa na simu wala stima. Madaktari wanabishana. Wengine wanasema ni kemikali iligusa mishipa ya fahamu, wengine wanasema hawaoni stima ikifanya mtu kitu. Mimi sijui nani ako sawa. Lakini wewe unaumwa, hiyo naiona."

Nikamuuliza lile lililokuwa rohoni. "Na kama ningekunywa maziwa yangu?"

"Maziwa gani?"

Nikamweleza. Alianza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha. "Mama, maziwa ni chakula. Hiyo dawa iliingia kwa ngozi na kwa pumzi. Maziwa ikiwa tumboni itaipata wapi? Ungekunywa debe zima, mambo yangekuwa vile vile. Bora ulimpa mtoto."

Bora ulimpa mtoto. Nililia pale nje mpaka Kogo, ambaye alikuwa ametiwa dawa ya macho na haoni, akauliza ni nani amekufa.

Sasa utaniuliza, kwa nini hukuniambia? Na hapa ndipo nimekosea kuliko mwiko. Sikukuambia kwa sababu sikujua umebeba kitu. Nilikuwa naona unakunywa strungi, kila asubuhi chai nyeusi kama maji ya mtaro, na ng'ombe wetu ako hapo nje anakamuliwa. Krismasi Kogo alikumiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ukasema tumbo linauma. Nikadhani ni mambo ya wasichana wa siku hizi. Miaka mingapi bila maziwa, Cherono? Sikuuliza hata siku moja. Jumapili uliposema "yako si nilikunywa mimi," ndipo nilikumbuka. Kogo alisema maneno hayo, tulipotoka kambini, nikiwa kitandani. Alisema mbele ya majirani, "Huyu ndiye alikunywa maziwa ya mama yake." Hakusema kwa ubaya, alikuwa na uchungu, mimi ni mtoto wake. Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni ukiuma kidole, na hakuna mtu mzima aliyekuangalia.

Nimeshaongea na Kogo. Amekataa kwamba alisema, halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Mwache.

Lakini wewe nisikilize. Hukunywa maisha yangu. Ulikunywa maziwa. Ulikuwa mtoto na ulikuwa na njaa, na mimi nilifurahi kila siku kukuona ukiweka ile pakiti mdomoni na mikono yote miwili. Katika kazi ile yote, kitu kimoja nilichofanya vizuri ni hicho. Huwezi kukichukua ukakifanya deni. Nimekusikia ukimwambia Kogo utafanya kazi mpaka unipeleke kwa daktari mkubwa Nairobi. Sitaki kupelekwa Nairobi na mgongo wako. Daktari akinipata na jibu, halafu nikuangalie wewe ukiwa umekaa nje gizani umeshika kichwa, hilo jibu nitalifanyia nini?

Kwa hivyo sikukatazi kwenda. Wewe ni mtu mzima, na hapa kweli hakuna kitu. Nenda kwa Akinyi, nimemtumia ujumbe kupitia Kogo, na ninaomba Mungu haukupunguzwa. Mwambie akuulizie kazi ya kitalu, au jikoni, au hata kufagia ofisi. Atakutukana kidogo kisha atakusaidia. Lakini pampu nakukataza. Wakikwambia ni pampu au urudi kwenu, basi rudi kwenu. Na kama utaishika bila mimi kujua, kwa sababu najua kichwa chako kigumu kilitoka wapi, basi siku itakapovuja iweke chini. Iweke chini hata kama imebaki laini moja, hata kama nyapara anaita. Watakuita mvivu. Mimi nimeitwa Mama Stima na bado niko hai. Na wakikupa maziwa, kunywa kwa sababu ni tamu. Usinywe ukidhani umeifungia sumu mlango.

Jua limeanza kuondoka mlangoni na mkono unauma. Soksi bado zinatiririka maji, Kogo alikuwa amesema.

Barua hii nitakupa jioni. Isome kule ndani kwa taa yako ya stima, mimi nikiwa huku. Usije kuniambia kitu. Asubuhi kabla ya bodaboda kufika utakuta kikombe mezani. Nitakuwa nimekamua mwenyewe na kupika mwenyewe, na hiyo chai itakuwa na maziwa mengi, nyeupe. Sitasimama kukuangalia. Nitakuwa nje nikimfungua ng'ombe. Ukishaondoka nitaingia kuosha vyombo, na nitaanza na hicho kikombe. Nikikikuta kitupu, nitajua umenisikia.

Ni mimi,
Mama yako